Ua, Jiwe na Mwanzi: Macho ya Msafiri baina ya Kyoto na Masasi

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Methali hii aghalabu hutumiwa kumlaumu mwenye mali asiyejua kuitumia. Lakini yafaa pia kumpimia mwandishi wa safari. Yuko mwandishi avukaye bahari mbili akasimama mbele ya jiwe la ugenini, akaliandikia kurasa kumi za mshangao; naye huyo huyo amekulia chini ya jiwe kubwa kuliko hilo, wala hakupata kulitungia hata mshororo mmoja. Si dhambi kustaajabia cha mwenzio. Dhambi ya uandishi, kama ipo, ni kurudi nyumbani na mshangao ule ule ukiwa haujafundisha macho kitu.

Ziara ya bustani za kale za Kijapani na vichaka vya mianzi imekwisha kuwa utanzu mdogo wa maandishi ya safari katika lugha nyingi za dunia. Utanzu huo una desturi zake, na kila uingiapo katika Kiswahili, kwa tafsiri au kwa kuigwa, huingia nazo. Msafiri hufika Kyoto akiwa amechoshwa na mji. Hupita lango la hekalu. Sauti za magari hukatika. Hukaa mbele ya mawe na changarawe. Moyo wake hutulia. Huondoka akiwa mtu mwingine. Maneno yatumikayo ni yale yale: ukimya, utulivu, maumbile, pepo ya duniani. Ukifuta jina la hekalu moja na kuandika la jingine, insha haitikisiki. Hapo ndipo mashaka ya mhakiki yanapopaswa kuanza, kwani maandishi yanayoweza kuhamishwa kutoka mahali hadi mahali bila ya kupoteza kitu, hayakuandikwa juu ya mahali.

Tatizo la kwanza liko katika neno lenyewe. Msomaji wa pwani asikiapo "bustani" huanza kunusa kabla ya kuona. Na ana haki, kwani neno hili limetoka Uajemi, na asili ya maana yake ni mahali pa harufu njema. Bustani ya ushairi wa Kiswahili ni ya asumini na waridi, ya kilua na mkadi, ya mrehani uliopandwa kando ya mlango. Mshairi akimsifu mpenzi kwa bustani, humsifu kwa kinachopita katika mwanzi wa pua. Hata neno Firdausi lilianzia Uajemi, na asili yake ni mahali palipozungushiwa ukuta. Kwa hiyo msafiri wa Kiswahili anapoandika kwamba bustani ya Ryōan-ji ni pepo, huwa amekwisha kuipanda maua ambayo haina, na kuitia harufu ambayo wajenzi wake hawakuitaka.

Ryōan-ji ni uwanja wa mstatili, urefu wake kiasi cha mita 25 na upana wake mita 10, uliotandazwa changarawe nyeupe. Ndani yake yamewekwa mawe 15, kwa mafungu. Hapana ua la kunusa, hapana tunda la kuchuma, hapana kijia cha kutembelea. Ila majani mafupi ya kijani yaotayo kuyazunguka mawe penye unyevu. Haiingiwi. Hutazamwa kutoka kwenye baraza la mbao lililo ubavuni, na mpango wake ni wa namna ambayo mtu aketipo popote katika baraza lile huona mawe 14 tu. Moja daima hujificha nyuma ya jingine. Ukisogea upate kuliona lililofichika, utakuwa umelipoteza jingine.

Mfasiri afanye nini, basi? Neno la Kijapani la bustani ni "niwa", na hapo zamani lilimaanisha mahali palipofyekwa na kusafishwa kwa ajili ya kazi au ibada. Kiswahili kinalo neno la karibu zaidi na hilo kuliko bustani, nalo ni "ua". Ua ni uwanja wa nyumba uliozungukwa na uzio, mahali pa kutwangia, kuanikia, kupokelea wageni na kufanyia shughuli. Na kwa bahati ambayo lugha pekee ndiyo iwezayo kuileta, ua pia ni lile chipukizi la waridi. Anayeuita uwanja wa Ryōan-ji bustani anaahidi harufu. Anayeuita ua anaahidi nafasi tupu, iliyosafishwa, inayongojea jambo. Ahadi ya pili ndiyo inayotimizwa.

Neno hilo moja likishasahihishwa, mengine hufuata. La kwanza kuanguka ni "maumbile". Insha za ziara hupenda kusema kwamba katika bustani hizi mtu hukutana na maumbile. Hakutani nayo. Hukutana na kazi. Changarawe ya Ryōan-ji hupigwa reki ya meno mapana ili ibakize mistari, na mistari hiyo huharibiwa na mvua, upepo na majani yanayoanguka, ikapigwa tena. Misonobari hukatwa na kupunguzwa majani kwa mkono. Katika bustani ya Kenroku-en, huko Kanazawa, kamba hufungwa kutoka ncha ya mti hadi kila tawi kabla ya majira ya baridi, ili theluji isivunje matawi. Kitabu cha kale kabisa cha ujenzi wa bustani katika Japani, Sakuteiki, cha karne ya 11, kimejaa maagizo ya kazi: jinsi ya kusimamisha jiwe, mahali pa kupitisha maji, makosa ya kuepukwa. Fundi hufunzwa humo kwamba akishalisimamisha jiwe la kwanza, lazima alisikilize linataka nini kabla ya kuliweka la pili. Kusikiliza huko ni sehemu ya ustadi wa kazi.

Kichaka cha mianzi nacho husingiziwa vivyo hivyo. Msafiri hupita katika njia ya Sagano, magharibi ya Kyoto, baina ya kuta mbili za mianzi iliyonyooka kwenda juu kiasi cha mita 20, mwanga ukishuka kwa rangi ya kijani na magogo yakigongana kwa sauti kavu upepo uvumapo. Sauti hiyo ilithaminiwa hata serikali ya Japani ilipochagua, mwaka 1996, sauti 100 za nchi zinazostahili kuhifadhiwa, vichaka vya mianzi vya Kyoto vikawamo. Lakini mwanzi si mti. Ni jamaa ya nyasi, nduguye mpunga na muwa, na katika majira ya kuchipua huweza kurefuka kwa zaidi ya nusu mita katika siku moja. Ukiachwa, hauwi msitu mtukufu. Huwa kichaka kisichopitika, mianzi mikavu ikiilalia mibichi. Desturi ya wenye vichaka hivyo ni kuipunguza mpaka mtu aweze kupita katikati yake akiwa na mwavuli uliofunguliwa. Mwavuli ule ndio kipimo. Tangu machipukizi ya kuliwa yaanze kuagizwa kwa wingi kutoka China, na plastiki ikachukua kazi za mwanzi, vichaka vingi vya Japani vimeachwa bila ya mtu, navyo vimevamia misitu ya jirani hata vikahesabiwa kuwa balaa. Kwa hiyo kile kinachomtuliza msafiri katika njia ya Sagano ni nafasi baina ya mwanzi na mwanzi, na nafasi hiyo imekatwa kwa panga na msumeno na mtu ambaye hatajwi katika insha.

Mwaka 2018 iliripotiwa kutoka huko Sagano kwamba mianzi ipatayo 100 ilikutwa imechongwa majina ya wageni. Mwanzi ukikwaruzwa hauponi kovu. Mingine ilibidi ikatwe. Habari hii ilisomwa kama kisa cha watalii wasio na adabu, lakini ni kisa cha uandishi pia. Insha ya safari inayomaliza kurasa zake zote ikieleza moyo wa msafiri ulivyotulia, ulivyotokwa na machozi, ulivyozaliwa upya, inafanya kwa kalamu jambo lile lile. Inachonga jina juu ya kitu kisichokuwa chake. Tofauti ni kwamba insha hupata sifa.

Upo mfano mwingine wa msafiri, nao umo katika fasihi ya Kijapani yenyewe. Matsuo Bashō ni jina analopaswa kulipenda kila mtu wa visiwani, kwani bashō ni mgomba. Mwanafunzi wake alimpandia mgomba karibu na kibanda chake, yapata mwaka 1681, naye akajiita kwa jina la mmea huo, ambao katika baridi ya huko hauzai ndizi ya kuliwa, na majani yake huraruliwa na upepo. Mwaka 1689 Mgomba huyu alifunga safari ya miguu kuelekea kaskazini, pamoja na mwenzake Sora, akatembea miezi mitano hivi. Kitabu chake cha safari hiyo, Oku no Hosomichi, kilichapishwa mwaka 1702, baada ya kufa kwake. Katika safari nzima alikuwa akitafuta mahali palipotajwa na washairi wa kale, ili asimame waliposimama. Mahali pakuu kuliko pote palikuwa Matsushima, ghuba ya visiwa vyenye misonobari. Alipofika, alipaeleza kwa nathari. Lakini kitabu chake hakina haiku yake juu ya Matsushima. Kina ya Sora tu. Msafiri mkubwa kuliko wote alifika mahali alipopatamani kuliko pote, akamwachia mwenziwe nafasi.

Kwa mshairi wa Kiswahili haiku si mgeni wa mbali kama inavyodhaniwa. Japani na pwani hupima ushairi kwa njia moja: kwa kuhesabu mizani. Na zinakubaliana hata katika jambo dogo ambalo wafasiri wa Ulaya hulikosea. Kijapani huhesabu sauti "n" ya mwisho kuwa mizani kamili, kiasi kwamba neno "hon", yaani kitabu, lina mizani mbili. Kiswahili nacho huhesabu "m" ya "mtu" na "n" ya "nchi" kuwa mizani kamili. Haiku nzima ina mizani 17. Mshororo mmoja wa shairi la kawaida una mizani 16. Ni kusema kwamba Mgomba alitosheka, kwa ulimwengu mzima, na kitu kinachoupita mshororo mmoja kwa mizani moja tu, tena bila ya kina. Mfasiri anayeigeuza haiku kuwa ubeti wa mishororo minne yenye vina vya kati na vya mwisho hafasiri. Huijazia maua, kama yule aliyeuita ua wa Ryōan-ji pepo. Mshororo mmoja, ukisimamishwa peke yake na kuachiwa nafasi pande zote, ungetosha. Lakini ushairi wetu haujazoea kuuacha mshororo usimame peke yake. Huo ni mjadala wa ndani ya nyumba, wenye kustahili kufanywa, na bustani ya Kijapani inaweza kuuchochea vizuri zaidi kuliko nadharia nyingi.

Hata hivyo, mwanafunzi hujaribiwa nyumbani. Na kama yapo mawe ya kulijaribia somo la Kyoto katika Tanzania, yako Masasi.

Mtu atokaye Lindi au Mtwara kwenda Masasi huiona nchi tambarare ya miombo, kisha ghafla huinuka vilima vya mwamba mtupu, kimoja kimoja, kama majahazi yaliyotia nanga: Mtandi, Mkomaindo na vinginevyo. Kila kilima kimesimama peke yake, na baina yake na mwenzake pana nafasi. Msomaji wa visiwani ana deni la pekee na mawe haya. Mwaka 1876 Edward Steere, ambaye hujulikana zaidi hapa kwa hadithi za Kiswahili alizozichapisha mwaka 1870, aliondoka Unguja na kundi la waliokombolewa kutoka utumwani, akipita Lindi, kwa nia ya kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa walikotekwa wengi wao. Walipofika Masasi wakasimama, wakajenga hapo. Kwa hiyo miongoni mwa watu wa mwanzo kuyatazama mawe ya Masasi kwa macho yaliyotoka Unguja walikuwamo watu walioamua kwamba safari imekwisha. Tungo kuu juu ya siku hiyo, kutoka upande wa hao waliotembea, haipo katika vitabu vya ushairi wetu. Maandishi yaliyopo ni ya wamisionari.

Mwaka 1906 alifika huko msafiri wa namna nyingine, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita kusini mwaka uliotangulia, na misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa. Weule alikuja na kamera na chombo cha kunasia sauti. Akakaa Masasi, kisha akapanda Newala. Kitabu chake cha safari kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909. Ni kitabu chenye ubaya wa zama zake: mwandishi hujiona daima yuko juu ya anaowaandika. Na bado kina kitu ambacho insha nyingi za Kyoto hazina, nacho ni uvumilivu wa kueleza kazi. Weule huuliza nyumba imefungwa kwa nini, mtego umetegwa vipi, nani huteka maji na wapi. Anastahili kulaumiwa kwa dharau yake, na wakati huo huo kusomwa kwa udadisi wake. Msafiri mwenye upole asiyeuliza kitu hajawa bora kuliko yeye. Amekuwa na adabu zaidi, basi.

Weule amekihifadhi, kwa kukitoa katika maandishi ya padri Adams, kisa cha asili ya Wamakonde. Palikuwa na kiumbe mmoja wa mwituni, asiyeoga wala kunyoa. Akachonga mti kwa sura ya mtu, akausimamisha wima kando ya maskani yake. Usiku ule sanamu ikawa mwanamke. Wakashuka hadi mto Ruvuma kuoga, na mtoto wao akazaliwa mfu. Wakaondoka hapo, wakavuka nchi ya juu hadi bonde la mto mwingine. Mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda hadi juu ya uwanda, penye vichaka vinene, na huko mtoto wa tatu akaishi. Ndiyo maana, kisa chasema, watu wakakaa juu, mbali na mabonde makubwa ya maji.

Kisa hiki kinapaswa kuwekwa kando ya bustani kavu ya Kyoto, kwani vyote viwili vinazungumza juu ya kitu kilichosimamishwa wima na juu ya maji yasiyokuwapo. Katika bustani kavu, changarawe huwa mto, na mistari ya reki huwa mawimbi. Msafiri husifu kwamba wajenzi wake waliweza kuonyesha maji bila ya tone la maji. Lakini sifa hiyo na isomwe Newala. Juu ya uwanda ule, kwa vizazi na vizazi, wanawake walishuka mteremko hadi mabondeni na kupanda tena na mitungi vichwani, mpaka katikati ya karne ya 20 ulipoanzishwa mradi wa kuyapandisha maji kwa mabomba. Mtu ambaye mama yake alibeba maji kwa saa kadhaa hataliona wazo la mto wa changarawe kuwa utulivu tu. Ataliona pia kuwa anasa ya mwenye kisima. Hapo ndipo msomaji wa Newala anapoweza kusema juu ya Ryōan-ji jambo ambalo msafiri wa Ulaya hajalisema: kwamba ukavu una maana mbili, na ya kwanza ni kiu.

Newala ina somo jingine. Pembezoni mwa mji ardhi hukatika ghafla, mahali paitwapo Shimo la Mungu, na chini hulala bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Wajenzi wa Kijapani wana mbinu waiitayo shakkei, yaani mandhari ya kuazima: bustani hupangwa ili kilima cha mbali, kisichokuwa mali ya mwenye bustani, kiingie katika picha yake. Katika hekalu la Entsū-ji, kaskazini ya Kyoto, ua wa miti iliyokatwa sawasawa huuficha uwanda wa kati, ukabaki mlima Hiei ukielea juu. Na mwaka 2007 mji wa Kyoto ulipitisha kanuni za kuzuia majengo yasiyazibe maono kama hayo. Shimo la Mungu limepewa bure na ardhi kile ambacho Entsū-ji imekitafuta kwa mkasi. Lakini kuazima hutaka mtu aliyekaa upande huu akachagua nini kifichwe na nini kionekane. Kazi hiyo, pale ambapo hapana bustani, ni ya mshairi. Mandhari iliyo wazi kabisa huishia kupigwa picha na kusahauliwa.

Yasemwe pia kwamba kusikiliza kitu kabla ya kukitia mkono hakukuvumbuliwa na Sakuteiki peke yake. Wachongaji wa Kimakonde, wengi wao waliovuka kutoka Msumbiji, waliufanya mpingo uamue umbo lake. Mtindo uitwao shetani, ulioanzishwa na Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, hufuata mpindo wa tawi, tundu na kovu lake. Wajapani waliliona hilo mapema. Karibu na Ise, katika mkoa wa Mie, palijengwa jumba zima la sanaa ya Kimakonde. Mtu wa huko alisafiri, akatazama, akajua anatazama nini. Ni safari ya upande wa pili, na inaaibisha kidogo.

Sasa ile hoja ya ua irudi. Alfajiri, kabla ya jua kupanda juu ya mwamba wa Mtandi, nyua za Masasi hufagiwa. Mfagiaji, aghalabu mwanamke au msichana, huinama na ufagio wa njiti, akirudi nyuma hatua kwa hatua ili asikanyage alipokwisha kupita. Ufagio hubakiza mistari katika mchanga, upinde juu ya upinde, kutoka mlangoni hadi kwenye uzio. Juu katika Newala mistari hiyo huwa katika mchanga mwekundu. Kwa muda mfupi, kabla ya kuku na watoto, ua mzima huwa umeandikwa. Kisha siku huufuta, na kesho hufagiwa tena.

Asitokee mtu wa kusema kwamba hiyo ni Ryōan-ji ya Kiafrika. Kauli hiyo ingekuwa jina jingine lililochongwa juu ya mwanzi. Ua wa Masasi hufagiwa ili nyoka asijifiche katika majani, ili nyumba isisemwe, ili mgeni apokelewe mahali safi. Hafagii mtu ili atazamwe. Uwanja wa Ryōan-ji una baraza lililojengwa kwa makusudi ya kutazama, na karne za vitabu nyuma yake, na tiketi mlangoni. Tofauti kubwa, basi, haiko katika mchanga wala katika mistari. Iko katika baraza. Upande mmoja yupo aliyeketi. Upande mwingine wote wana kazi.

Lakini hata upande wa Kyoto hadithi haikuanza na walioketi. Katika karne ya 15 kazi nzito ya kubeba na kusimamisha mawe ilifanywa na watu walioitwa kawaramono, wakaao kando ya mito, waliodharauliwa kwa sababu ya kazi za ngozi na mizoga. Mmoja wao, Zen'ami, alipanda hata akawa fundi wa bustani wa shogun Ashikaga Yoshimasa. Na nyuma ya jiwe moja la Ryōan-ji, upande usioonekana kutoka barazani, yamechongwa majina mawili. Moja husomeka: Kotarō. La pili limefutika kwa sehemu. Hudhaniwa kuwa ni ya watu wa tabaka hilo. Hapana jina la mwenye hekalu juu ya mawe yale, wala la mtazamaji. Yapo ya waliobeba, na yako nyuma.

Ndipo inapoonekana kwamba si kila jina lililochongwa ni ufidhuli. Mgeni wa Sagano aliandika jina lake mbele, juu ya kitu alichokikuta tayari. Kotarō aliandika nyuma, juu ya kitu alichokisimamisha. Insha ya safari yenye kustahili hupaswa kujua inafuata upande upi; na kama msafiri hakubeba jiwe, basi la heshima kwake ni kuzunguka kwa akili yake hadi nyuma ya jiwe, akawataja waliobeba.

Mabaharia walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anayerudi kutoka Kyoto na macho mapya na apewe kazi hii: autunge mshororo mmoja, wa mizani 16, juu ya mwamba wa Masasi, usiotaja Kyoto, usiotaja pepo, wala usiotaja moyo wa mtunzi. Ni kazi ngumu kuliko kurasa kumi za mshangao, na wengi watashindwa. Atakayeshindwa atakuwa amejua, angalau, ni kiasi gani cha maneno yake kilikuwa cha jiwe na kiasi gani kilikuwa chake mwenyewe.

Na akishaweza, ashuke katika ua uliofagiwa chini ya mwamba huo, aulize jina la aliyefagia.